Mstari Mdogo Mgongoni mwa Adapta

Baba mmoja aliniletea doki ya Nintendo Switch kwenye mfuko wa kaki, pamoja na chaja mpya iliyokuwa bado na harufu ya plastiki ya dukani. "Fundi, hii doki imekufa," akasema. "Nimeinunulia chaja kubwa kabisa, wati 65, na bado haiwaki." Mwanawe, wa kama miaka kumi, aliniamkia kisha akasimama nyuma ya baba yake, macho yote mezani kwangu. Konsoli aliletewa na shangazi yake anayeishi Muscat, na adapta yake ilipotea walipohama nyumba. Mkononi mchezo unachezeka vizuri tu. Ila akiiweka kwenye doki ili acheze kwenye televisheni, taa ndogo ya kijani haiwaki na kioo kinabaki cheusi.

Doki haikuwa imekufa. Niliigeuza chaja, nikachukua lenzi, nikasoma maandishi ya mgongoni: volti 5 kwa ampea 2, volti 10 kwa ampea 6.5. Kumi mara sita na nusu ni 65, kwa hiyo aliyeandika boksi hakusema uongo. Ile ni chaja ya simu ya aina moja, imetengenezwa kuijaza simu hiyo haraka kwa njia yake yenyewe. Doki ya Switch inataka volti 15. Chaja ile hata ingekuwa na wati mia mbili isingeiamsha, maana volti 15 haimo kabisa katika inavyoweza kutoa.

Namba kubwa ya mbele ya boksi ndiyo inayouza chaja. Namba inayokuhusu wewe imeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, kwenye mstari unaoanza na neno OUTPUT. Ningependa kila mzazi anayenunua adapta ya konsoli ausome mstari huo kabla hajatoa pesa, na muuzaji asiyekuruhusu kufungua boksi ili uusome, mwache na chaja yake.

Adapta asili ya Switch ina namba HAC-002. Mstari wake unasema volti 5 kwa ampea 1.5, na volti 15 kwa ampea 2.6. Zidisha hizo za pili utapata wati 39. Volti 5 ni ya kuanzia. Volti 15 ndiyo ya doki. Konsoli yenyewe ikiwa kwenye doki mara nyingi haifiki hata nusu ya wati hizo, lakini doki hudai zote ziwepo, kwa sababu ni lazima icheze mchezo, ijaze betri na kulisha matundu yake ya USB kwa wakati mmoja. Ukiipa pungufu haijaribu kujibana. Inakataa kabisa kupeleka picha kwenye televisheni. Wengi hudhani imeharibika, kumbe inafanya kama ilivyofundishwa.

Tuingie ndani kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye uzuri wa jambo hili. Chaja nzuri yenye mdomo wa USB-C haimwagi umeme ovyo. Ukiichomeka ukutani na kuiacha bila kifaa, pini zake za umeme ni baridi, hazina volti. Ni kama mgeni mwenye adabu: anapiga hodi, anangoja. Kifaa kikiunganishwa, chaja huhisi rezista ya ohmu 5,100 iliyowekwa ndani ya kifaa hicho, na rezista hiyo ndiyo "karibu" yake. Hapo hutoa volti 5 tu. Kisha, kama pande zote mbili zinajua lugha iitwayo USB Power Delivery, ambayo maboksini hufupishwa kuwa PD, chaja hutaja ilichonacho: nina volti 5, nina 9, nina 15, kila moja kwa ampea kadhaa. Doki huchagua, chaja hukubali, ndipo volti hupanda. Mazungumzo yote hayo huisha kabla hujaondoa mkono kwenye waya.

Hii ndiyo sababu wati nyingi hazidhuru. Volti husukumwa na chaja, lakini ampea huvutwa na kifaa, na kifaa huvuta kinachohitaji tu. Chaja ya kompyuta ya mkononi ya wati 65 au 100, ikiwa ni ya PD na ina volti 15 kwenye mstari wake, itailisha doki bila kuionea. Nimewahi kuona watu wakiiogopa chaja ya namna hiyo iliyopo nyumbani, ya kampuni inayoaminika, wakaenda kununua ya bei ya chini iliyoandikwa jina la konsoli, kisha ile ya pili ndiyo ikawaletea balaa.

Kiwango cha PD kimepanga ngazi zake vizuri. Chaja ya wati 18 huishia volti 9. Ya wati 30 huwa na volti 15, lakini kwa ampea 2 tu, na doki inataka 2.6. Ya wati 45 inatakiwa kuwa na volti 15 kwa ampea 3. Kwa hiyo ukiniuliza dukani, bila lenzi, bila muda, nitakwambia: tafuta ya PD kuanzia wati 45, kisha hakikisha mstari wa 15V 3A umo. Usikubali volti 12 kama mbadala. Zipo chaja zinazotaja 5, 9 na 12 na kuruka 15, na hizo kwa doki ni sawa na hakuna. Switch ya skrini ya OLED iliyotoka Oktoba 2021 inatumia adapta ileile HAC-002, kwa hiyo maneno haya yanaifaa pia. Switch 2, iliyoingia sokoni Juni 2025, ni habari nyingine: adapta yake hufika volti 20 kwa ampea 3, yaani wati 60, na ile ya zamani haiitoshi doki yake.

Jihadhari na chaja zenye matundu mawili au matatu. Wati 65 zilizoandikwa mbele ni za tundu moja likiwa peke yake. Mama akichomeka simu tundu la pili, chaja hugawa upya, na katika kugawa huko hukata umeme kwa nukta moja hivi. Mtoto yuko katikati ya mchezo, televisheni inazimika, na lawama zinakwenda kwa konsoli.

Kebo nayo ina mambo yake. Adapta asili ina waya uliounganishwa moja kwa moja, lakini chaja nyingi za badala yake huja bila waya au na waya usiofaa. Unahitaji kebo yenye mdomo wa USB-C pande zote mbili. Ile yenye mdomo mpana wa zamani upande mmoja haina nyaya za mazungumzo ya PD, na volti 15 haipiti hapo kamwe. Habari njema ni kwamba kebo ghali ya kupitisha data haihitajiki. Picha ya televisheni inatoka kwenye doki kwa waya wa HDMI, hii hupeleka umeme tu. Kebo ya kawaida ya ampea 3, ya kampuni unayoijua, inatosha.

Lakini iwe ya kampuni unayoijua kweli. Mwanzoni mwa 2016 Benson Leung, mhandisi wa Google aliyekuwa akijaribu kebo za USB-C zinazouzwa mtandaoni na kuandika matokeo yake, alichomeka moja iliyoharibu kompyuta yake aina ya Chromebook Pixel. Alipoichunguza akakuta waya wa umeme na waya wa ardhi vimebadilishana nafasi. Mtu mwenye vipimo na ujuzi wote ule, na kipande cha waya cha bei ndogo kilimshinda. Kazi yake ilisaidia wauzaji kuanza kuondoa kebo mbovu, ila hazijaisha.

Ndani ya Switch, kazi ya mazungumzo hayo hufanywa na chipu ndogo yenye maandishi M92T36. Mafundi wa Switch wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao, kwa kuwa ni miongoni mwa vitu vinavyoungua mara nyingi: konsoli haichaji vizuri, au haichaji kabisa, na doki haiitambui. Machi 2018, baada ya Nintendo kutoa toleo la 5.0 la programu ya konsoli hiyo, wamiliki wengi waliripoti Switch zilizokufa zikiwa kwenye doki za makampuni mengine. Tangu hapo ushauri wangu haujabadilika: adapta ya kampuni nyingine yenye PD iliyokamilika, sawa; doki ya kuiga, hapana. Doki hukutana na konsoli moja kwa moja, na kosa lake halina mlinzi katikati.

Aina nyingine ya kukimbia ni adapta yenye kichwa cha USB-C ambayo ndani yake haina lugha yoyote. Mstari wake una namba moja tu, tuseme 12V au 15V, bila 5V. Hii haipigi hodi. Inasukuma volti zake tangu sekunde ya kwanza, iwe mbele yake kuna doki, simu au kitu chochote kile. Ukiiona nyumbani imekuja na kifaa kingine, ifunge karatasi na kuandika jina la kifaa chake, isije ikachanganywa.

Waliokulia kwenye vibanda vya gemu wanajua maisha yalivyokuwa kabla ya hodi. PlayStation 2 ile nyembamba ina adapta ya volti 8.5, na plagi yake ya duara haiulizi kitu; ukiiwekea ya volti 12 kwa kuwa imeingia, umemaliza. Mega Drive ya kwanza ya Sega ilikuwa na hasi katikati ya plagi, wakati adapta nyingi za leo zina chanya katikati. Kwa mashine hizo sharti volti zilingane sawasawa, alama ya duara yenye + na − ilingane, na ampea ziwe sawa au zaidi. Anayefufua konsoli ya zamani asiache hata moja kati ya hayo.

Mpaka hapa nimezungumzia upande wa konsoli. Upande wa ukuta ndio unaoua watu. Umeme wa Tanzania ni volti 230; ndani ya adapta hunyooshwa na kuwa kama volti 325 za mkondo mmoja. Kinachotenganisha volti hizo na waya anaoushika mtoto ni transfoma ndogo yenye ukubwa wa kipande cha sukari guru, utepe wa kuhami, na nafasi ya milimita chache iliyoachwa wazi kwenye ubao wa saketi. Mtengenezaji bandia hupunguza hapohapo, kwa sababu hakuonekani kwa nje. Mwaka 2016 maabara ya usalama ya UL ya Marekani ilijaribu adapta 400 bandia zilizojifanya za iPhone. Zaidi ya asilimia 99 zilishindwa, na 12 kati yake zingeweza kumuua mtumiaji kwa shoti. Adapta ya konsoli iliyoghushiwa hutengenezwa kwa tamaa ileile.

Kwa hiyo itazame vizuri. Jina la mtengenezaji na namba ya modeli viwepo, maneno yasiwe na makosa ya tahajia, pini zisicheze, kiungo cha plastiki kisiwe na pengo. Mstari wa INPUT usome 100-240V. Adapta asili ya Switch iliyonunuliwa Marekani au Japani husoma hivyo, kwa hiyo haihitaji mashine ya kupunguza umeme. Adapta nyepesi mno ni dalili mbaya, ingawa uzito haunihakikishii chochote. Alama za viwango zinasaidia, iwe ya TBS au ya KEBS, lakini stika huchapishwa na yeyote mwenye printa. Nunua mahali utakapoweza kurudi na risiti.

Na tafadhali, ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie, tuiache. Tundu lile linafungua milango midogo iliyowekwa kumzuia mtoto asiguse umeme, na pini nyembamba zikiingia kwa nguvu hulegea, hutoa cheche, kisha plastiki inaanza kuwa nyeusi. Plagi ya kugeuzia yenye pini tatu na fyuzi ndani ndiyo kazi yake.

Yule baba alirudi kesho yake na chaja ya PD ya wati 45 na kebo ya USB-C. Nilichomeka kipimo changu kidogo katikati, tukakitazama watatu sote: 5, halafu 15. Taa ya kijani ikawaka. Kijana akaniomba nizime na kuwasha tena, aone namba zikipanda, nami nikamfanyia mara tatu.

Ile chaja ya simu walibaki nayo, ni nzima. Lakini kama adapta yako ya zamani imeanza kunuka moto, kulia kama nyuki au kuyeyuka ubavuni, ichomoe ukutani, kisha ikate waya kwa mkasi kabla ya kuitupa, ili anayeiokota jalalani asiichomeke.