Bafle katika milango ya nyuma: kwa nini mlango unalia kuliko muziki

Abiria anayepanda taksi ya Kakanda kwenda Likasi anausikia mlio huo kabla hajautambua wimbo. Ni drrr-drrr ya chuma, inatoka mlangoni karibu na goti lake, kila besi inapogonga. Dereva anaongeza sauti ili muziki uufunike mlio, na mlio nao unapanda. Bafle ni mpya, zimenunuliwa juzi tu, na kwenye kartoni yake imeandikwa wati 500. Mwenye gari anasema ameuziwa takataka. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi bafle haina kosa: imefungwa vizuri kabisa ndani ya mlango ambao hakuna mtu aliyeutayarisha.

Magari madogo mengi ya Kijapani yanayofika huku yakiwa yametumika, yale ya bei ya chini, yana bafle mbili tu, zote mbele. Ukifungua mlango wa nyuma unakuta nafasi ya bafle imeachwa wazi, na pengine hata waya haukupitishwa. Watu wanaopenda muziki wa gari husema pesa iende kwanza kwenye milango ya mbele, kwa sababu sikio linapenda sauti itoke mbele kama mwimbaji aliye jukwaani. Kwa mtu anayeendesha peke yake, ni kweli. Kwa taksi, anayelipa amekaa nyuma, tena wako watatu au wanne wamebanana. Njo maana kazi ya milango ya nyuma inaombwa sana, na njo maana inaharibiwa sana.

Sasa, mlango wa gari ni kitu gani? Watu wanaufikiria kama sanduku. Sio sanduku. Ni mabati mawili yenye uwazi katikati, na ndani ya uwazi huo kioo kinapanda na kushuka. Bati la ndani limejaa matundu: la kupitisha mkono wa fundi, la waya, la vyuma vya kufungulia. Juu ya matundu hayo kiwandani walibandika karatasi ya plastiki, na juu ya plastiki ndipo inakuja paneli ile unayoiona. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maji ya mvua yanaingia ndani ya mlango, na yameruhusiwa kuingia. Yanapita pembeni mwa kioo, yanateremka ndani, yanatokea kwenye vitundu vya chini. Ile plastiki kazi yake ni kuyazuia yasije upande wa abiria. Fundi mwenye haraka anaichana kwa kisu, anaitupa, anafunga bafle. Kama ni mwezi wa saba hakuna atakayeona kitu, ni vumbi tu. Mvua zikirudi, paneli inavimba, zulia linaanza kunuka, na mwenye gari anatafuta tundu kwenye dari.

Matundu hayohayo ndiyo yanayoua besi. Bafle inaposukuma hewa mbele, wakati uleule inaivuta nyuma. Hewa ya mbele na ya nyuma zikikutana zinafutana, moja inajaza shimo la nyingine. Kwa sauti nyembamba hilo halina athari kubwa, lakini wimbi la besi ni refu: sauti ya hezi 100 ina wimbi la mita 3 na zaidi, kwa hiyo linazunguka ukingo wa bafle na kupita kwenye matundu bila kizuizi. Mtu anaweza kulijaribu jambo hili mwenyewe. Ashike bafle mkononi, iunganishwe na radiyo, asikilize: inalia kama simu. Aiweke juu ya tundu la kipimo chake lililokatwa kwenye ubao mpana, na besi inatokea. Umeme ni uleule, bafle ni ileile. Ubao umetenganisha mbele na nyuma, basi.

Kwa hiyo kazi yenyewe, ukiondoa maneno mengi, ni kuufanya mlango uwe ule ubao.

Inaanza na kipimo, na hapo ndipo pesa nyingi zinapotelea. Sokoni bafle za mlango zinauzwa kwa pusi: 5 na robo ni kama sentimita 13, na 6 na nusu ni kama sentimita 16.5. Muuzaji anaangalia upana tu. Kinachoua ni kina. Mlango wa nyuma ni mwembamba kuliko wa mbele, na chini umekatwa na upinde wa gurudumu, kwa hiyo kioo na bafle vinagombea nafasi moja. Kipimo kinachukuliwa kioo kikiwa kimeshuka hadi mwisho, kuanzia bati la ndani mpaka kwenye kioo, na sumaku ya bafle ibakize nafasi walau ya kidole. Fundi anayepima kioo kikiwa juu atapata jibu zuri sana, mpaka siku abiria atakaposikia joto na kushusha dirisha. Hapo sumaku inakutana na kioo, na kioo ndicho kinachoshindwa.

Kuna kipimo kingine kwa magari ya dirisha la kuzungusha kwa mkono: mpini wake unapozunguka usiguse kifuniko cha bafle. Mpini huo wenyewe huwatesa watu. Umeshikwa kwa nyuma na kipete kidogo cha chuma kilicho wazi upande mmoja, na wengi wanaingiza bisibisi na kuvuta mpaka plastiki inapasuka. Kitambaa kinatosha. Unakipitisha kati ya mpini na paneli, unakivuta huku na huku kama anayepangusa kiatu, na kipete kinaruka chenyewe. Weka mkono karibu ukidake, maana kikiingia chini ya kiti, siku imekwisha. Kabla ya yote hayo waya hasi wa batri utolewe, hasa kwenye gari lenye mifuko ya hewa ya pembeni, na visi za paneli ziwekwe katika kikombe kimoja.

Bafle ikiwa nene kuliko nafasi, fundi mzuri hakati bati, anatengeneza pete. Pete ya unene wa sentimita moja au mbili inaisogeza bafle mbele, mbali na kioo, na pia inaipa mahali pagumu pa kushikwa kuliko bati jembamba linalotetemeka. Wengi wanaikata kwenye ubao laini wa unga wa mbao, ule wa makabati, kwa sababu unakatika vizuri. Lakini ubao huo ukinywa maji unavimba kama mkate ndani ya chai, na tumeona kwamba ndani ya mlango maji yapo. Tripleksi nzuri iliyopakwa rangi ya mafuta pande zote, hata ndani ya matundu ya visi, inadumu. Bora zaidi ni ile plastiki nene nyeupe ya kukatia nyama jikoni: haiozi na inakatika kwa msumeno wa kawaida. Kati ya pete na bati kinawekwa kipande cha sponji au mastiki ili hewa isipite. Kisha matundu makubwa ya bati la ndani yanazibwa kwa bati jepesi au plastiki ngumu na mastiki, na karatasi ya plastiki inarudishwa mahali pake. Vitundu vya chini haviguswi. Anayeviziba ili mlango usipitishe hewa amejenga tangi la maji, na mlango utaoza kuanzia chini.

Drrr-drrr yenyewe mara nyingi haitoki hata kwenye bafle. Inatoka kwenye fimbo ya kufungulia mlango, kwenye waya unaoning'inia, kwenye klipu ya paneli iliyovunjika. Vipande vya sponji vikizungushwa kwenye fimbo hizo, nusu ya kelele imeondoka kwa bei ya karibu bure.

Halafu waya. Kakanda imekaa juu ya shaba, na shaba ndiyo inayopita barabarani usiku na mchana kwenye makamiyo. Lakini waya wa bafle unaouzwa kwa mita sokoni mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ukikwaruza uzi mmoja kwa kisu, ndani unakuwa mweupe. Umeme unapita, hapana shida. Shida ni kukunjwa. Waya wa mlango wa nyuma unakunjwa kila abiria anapoingia na kutoka, na aluminiamu haipendi kukunjwa. Utakatika ndani ya ganda lake, bafle italia mlango ukiwa wazi na kunyamaza ukifungwa, na watu watailaumu radiyo. Kwa mlangoni inafaa shaba tupu ya nyuzi nyingi nyembamba, milimita moja ya mraba au moja na nusu inatosha. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene haufai hapo. Na upite ndani ya ule mpira wenye mikunjo kati ya mlango na mwili wa gari, hata kama kuupitisha kunachukua saa nzima. Anayeuacha uonekane nje ya mpira, bawaba itamkatia.

Kwenye radiyo za kununua madukani, waya za nyuma kwa kawaida ni kijani kwa kushoto na zambarau kwa kulia. Ile yenye mstari mweusi ni hasi. Hasi hiyo isiunganishwe kamwe na chuma cha gari. Mafundi waliozoea taa wanafanya hivyo, kwa sababu taa inakubali. Radiyo za siku hizi zinasukuma umeme kwenye waya zote mbili za bafle, na ukigusisha mmoja na chuma unaweza kuiunguza radiyo kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Sasa zile wati 500. "Tia hii, patron, iko na nguvu mingi." Nguvu haitoki kwenye bafle, inatoka kwenye radiyo, na radiyo inaishi kwa batri ya volti 12, kama 14 injini ikiwaka. Kwa umeme huo na bafle ya omu 4, radiyo iliyoandikwa 4×50 inatoa kwa kweli kama wati 18 mpaka 22 kwa kila bafle. Zilizobaki ni za kwenye kartoni. Kwa gari lisilo na amplifaya, namba ya kutafuta ni ile ya desibeli, inayosema bafle inatoa sauti kiasi gani kwa wati moja. Bafle ya desibeli 92 inaishinda ya 86 kwa kiasi ambacho ungehitaji umeme mara nne kukifikia. Kama namba hiyo haikuandikwa popote, angalau tazama koni: ya plastiki yenye ukingo wa mpira inavumilia unyevu wa mlango, ya karatasi inalegea, na ukingo wa sponji unasagika baada ya miaka michache.

Radiyo ikilazimishwa kupita uwezo wake sauti inapasuka, na mpasuko huo ndio unaochoma bafle ndogo. Unachoma na vitu vingine. Masikio ya mtu yanahimili desibeli 85 kwa saa 8 hivi, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 ni dakika 15. Kutoka Kakanda mpaka Likasi ni zaidi ya dakika 15. Mtoto aliyepakatwa karibu na mlango wa nyuma kichwa chake kiko juu kidogo tu ya bafle, na hana namna ya kuomba sauti ipunguzwe. Na kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi, wakati wa kiangazi, kamiyo ya machimbo inatangulizwa na honi yake kabla haijaonekana ndani ya vumbi. Dereva asiyeisikia honi hiyo hana kitu kingine cha kumwambia. Gari lililofungwa bafle vizuri linasikika wazi kwa sauti ndogo. Huyu wa drrr-drrr ndiye anayelazimika kupandisha.

Kabla ya kurudisha paneli, yanabaki majaribio matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mashine. La kwanza ni batri ya tochi ya volti 1.5: uguse waya wa bafle kwa sekunde moja, chanya kwa chanya, na koni itoke nje, kulia na kushoto sawa. Ikiwa moja inatoka na nyingine inaingia, waya zimegeuzwa, na bafle hizo mbili zitafutana besi hata kama kila moja peke yake ni nzima. La pili, kioo kishushwe mpaka mwisho na kupandishwa mara kumi, mlango ufunguliwe na kufungwa, muziki ukiwa unalia. La tatu ni ndoo ya maji. Mlango unafungwa, kioo kinapandishwa, mtu mmoja anamwaga maji polepole juu ya kioo kwa nje huku mwingine amekaa ndani na tochi, akitazama plastiki na ukingo wa pete. Ndani pakibaki pakavu na maji yakatiririka chini kupitia vile vitundu vidogo, paneli inaweza kurudi.