CHATU AKISHINDWA KUJIVUA GAMBA

Bila shaka umewahi kuokota gamba la nyoka shambani, au kuliona limening'inia kwenye paa la nyasi. Gamba hilo huwa limegeuka ndani nje, kama soksi iliyovuliwa kwa haraka. Nyoka mwenye afya hulivua lote kwa mara moja, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia. Ukiona limetoka vipande vipande, ujue nyoka huyo ana shida.

Nyoka wa porini hujitafutia maji na jiwe la kujisugulia. Mwenye taabu ni nyoka anayefugwa. Huku kwetu wafugaji wa nyoka si wengi, lakini wapo. Usukumani, kikundi cha Bayeye kinajulikana tangu zamani kwa kucheza ngoma na nyoka. Bujora, karibu na Mwanza, wageni huenda kutazama ngoma ya chatu. Karibu na Arusha kuna bustani ya nyoka ya Meserani. Kufuga mnyama wa porini kunataka kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo kabla ya yote, mwone Afisa Wanyamapori, yule ambaye wazee bado humwita bwana nyama.

Je, kwa nini nyoka hujivua? Ngozi yake ya juu haikui. Mwili unapoongezeka, au ngozi inapochakaa, ngozi mpya huota chini ya ile ya zamani. Kisha majimaji huingia katikati na kuziachanisha. Siku hizo rangi ya nyoka hufifia. Macho yake huwa na ukungu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Haoni vizuri, mara nyingi hataki kula, na huuma upesi. Basi asipelekwe ngomani! Mwacheni apumzike. Baada ya siku chache macho hung'aa tena, na watu husema amepona. Kumbe bado. Gamba hutoka siku chache baadaye.

Adui mkubwa wa kazi hii ni ukavu. Katika miezi ya kiangazi upepo wetu ni mkavu na vumbi ni jingi. Chatu kwa asili hupenda kukaa karibu na maji, hata kuzama ndani yake. Sasa wewe umemfungia katika sanduku kavu, na kibakuli cha maji kimepinduka tangu juzi. Atajivuaje? Gamba hukauka na kumshika mwilini. Sababu nyingine ni utitiri, wadudu wadogo wanaonyonya damu chini ya magamba na kuzunguka macho. Vidonda, maradhi na chakula kibaya navyo huleta shida hiyo.

Usilibandue gamba kwa nguvu. Ngozi mpya iliyo chini bado ni laini, nayo itachanika. Andaa maji ya uvuguvugu katika karai, au katika pipa lililopasuliwa kama chatu ni mkubwa. Tia kiwiko chako. Uyasikie yamepoa kidogo kuliko mwili wako, kwa maana maji ya kumwogesha mtoto ni moto mno kwa nyoka. Yawe ya kina kifupi, kichwa kibaki juu. Mwache humo kwa nusu saa hivi, na usiondoke. Kisha mpitishe polepole ndani ya gunia safi lililoloweshwa, ajisugue mwenyewe. Likibaki, rudia kesho. Chatu hana sumu, lakini mkubwa anaweza kumkaba mtu mpaka afe, kwa hiyo kazi hii isifanywe na mtu mmoja. Na nyoka wa sumu, kama swila au kifutu, usimshike kabisa.

Mama mmoja darasani aliuliza: kwa nini tusimpake mafuta ya kupikia? Ni swali zuri. Ngozi hiyo inahitaji maji, na mafuta hayana maji. Tena hushika vumbi, ukaongeza uchafu juu ya shida.

Gamba likitoka, usilitupe. Litandaze chini ulikague sehemu mbili. Kwanza kichwani. Nyoka hana kope. Jicho lake hufunikwa na gamba moja linaloonyesha kama kioo, nalo hutoka pamoja na mengine. Tafuta vioo viwili. Kimoja kikikosekana, huenda kimebaki jichoni. Usikichokoe kwa ukucha wala kwa kibanio, utamtia upofu. Ongeza unyevu kwenye sanduku lake: maji ya kutosha, na gunia bichi la kujifichia, linalobadilishwa lisiote ukungu. Mara nyingi kioo kilichobaki hutoka gamba linalofuata linapovuliwa.

Pili, tazama ncha ya mkia. Gamba likibaki hapo hukauka na kukaza kama pete iliyobana kidole. Damu haipiti, na ncha hiyo huweza kufa na kukatika. Hii haingoji gamba lijalo. Loweka mkia siku hiyo hiyo.

Mkia ukianza kuwa mweusi, au jicho likivimba, au nyoka akishindwa kujivua mara ya pili mfululizo, mwite daktari wa mifugo. Akija, mwonyeshe na lile gamba.