Je, Wajua? Mbabula, makala na hewa isiyoonekana

Je, wajua kwamba Juni na Julai ndiyo miezi ya kuiogopa zaidi mbabula, jiko letu la makala, hapa Mutoshi, Kolwezi? Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mchana jua linachoma, usiku mtu anatafuta blanketi la pili. Ndipo jiko la makala lililopika bukari jioni linapoingizwa chumbani ili watoto wapate joto. Moshi umekwisha, makala ni mekundu, yameanza kuvaa jivu jeupe. Kwa macho, moto umetulia. Kwa mapafu, saa mbaya ndiyo inaanza.

Wajua inakuwaje? Hewa huingia kwa mlango wa chini wa mbabula, ikakutana na makala na kutoa kaboni dioksidi. Gesi hiyo inapopanda katikati ya makala yenye joto kali hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake, ikageuka kaboni monoksidi. Ule ulimi wa buluu unaocheza juu ya makala ni monoksidi ikiungua. Ulimi ukizimika gesi haijakoma kutoka, imekoma kuungua tu, na sasa inaingia chumbani ilivyo. Haina rangi wala harufu, haiwashi macho, haileti kikohozi. Na anayefukia makala kwa jivu ili yakae hadi asubuhi anairefushia gesi hiyo usiku wake.

Je, wajua kwamba gesi hiyohiyo ndiyo iliyoipa Katanga shaba, kabla hata ya kampuni yoyote kufika? Wafuaji wa Kisanga na wa Kiyeke walijenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayajaza malakiti, lile jiwe la kijani, pamoja na makala, kisha wakavukuta. Ndani ya tanuru monoksidi iliyotoka kwenye makala iliinyofoa oksijeni iliyoshikamana na shaba, na shaba ikatiririka. Waliimwaga ikawa misalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari za mafundi hao mwaka 1926, akiwaita walaji wa shaba. Katanga ilipojitenga mwaka 1960, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa kwenye bendera yake. Watu wa Mutoshi, ambao mgodi wao uliitwa Ruwe enzi za Wabelgiji, wanaishi juu ya jiwe hilohilo.

Sasa gesi iliyofanya kazi tanuruni hufanya kazi nyingine ndani ya mtu aliyelala. Katika damu oksijeni hubebwa na himoglobini. Monoksidi hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikakaa pale na kuzuia nafasi. Mtu anaendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa hewa. Mfaransa Claude Bernard alilieleza jambo hili katikati ya karne ya 19. Miaka ya 1890 Mskoti John Scott Haldane aliichunguza gesi hii katika migodi ya makaa ya mawe, akapendekeza wachimbaji wateremke na kiumbe mdogo anayeathirika kabla ya binadamu. Kanari, ndege wa manjano, walibaki katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986. Katika vyumba vyetu hakuna kanari, na anayeanza kudhurika huwa ni mtoto, kwa sababu anapumua haraka kuliko mtu mzima.

Je, wajua dalili zake? Kichwa kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu. Ni rahisi kudhani ni malaria. Ila malaria haiwashiki watu wote wa chumba kimoja usiku mmoja, na haitulii mtu akikaa nje nusu saa. Nyumba nzima ikiamka na kichwa kizito baada ya usiku wa mbabula, msitafute vidonge kwanza. Tokeni nje.

Ukimkuta mtu amezimia chumbani, shika pumzi, fungua mlango, mburute nje, kisha ndipo uangalie mengine. Anayeingia na kuinama kumwamsha humohumo ndani anaweza kuanguka juu yake. Usimpe maziwa wala mafuta ya mawese: maziwa hayaondoi gesi kwenye damu, na aliyezimia akinyweshwa kitu huweza kukivuta mapafuni. Dawa ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida mwili huhitaji saa nne hadi sita kupunguza nusu ya gesi iliyo katika damu. Kwa oksijeni tupu ya hospitali ni kama saa moja na nusu.

Na wajua kwamba kile kipimo kinachobanwa kwenye kidole huweza kudanganya? Hakitofautishi vizuri damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba monoksidi, kwa hiyo kinaonyesha namba nzuri kwa mgonjwa anayekufa. Ndiyo maana sentensi ya kwanza ya kumwambia muuguzi iwe hii: "Alilala na mbabula." Kwa mama mjamzito itamkwe kwa sauti zaidi, kwa kuwa damu ya mtoto tumboni huishika gesi hiyo kwa nguvu na kuiachilia polepole kuliko damu ya mama. Mama anaweza kujisikia nafuu wakati mtoto bado yumo hatarini.

Kuacha dirisha wazi kidogo? Hakutoshi. Upepo ukikoma hewa haibadiliki, na aliye usingizini hawezi kujua kwamba umekoma.

Jenereta hutoa gesi hiyohiyo, tena kwa wingi. Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa kwenye korido au chini ya dirisha, nyumba imeingiziwa mbabula nyingi kwa pamoja. Vivyo hivyo pampu ya petroli inayoteremshwa ndani ya shimo la wachimbaji kuvuta maji.

Usichanganye monoksidi na mazuku ya Goma. Kule ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye miamba ya volkano. Ni nzito, hulala mabondeni, na mtu huweza kuikimbia kwa kupanda juu. Monoksidi ya mbabula ni nyepesi kidogo kuliko hewa na huenea chumba kizima. Kulala kitandani badala ya mkekani hakukuokoi.

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 3.2 waliokufa mwaka 2020 kwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, makala, samadi na mafuta ya taa? Wengi wao hawakuuawa na usiku mmoja. Ni nimonia ya watoto, moyo, kiharusi, mapafu yaliyochoka polepole. Akina mama wanaopika ndio wanaoivuta hewa hiyo kila siku, na kila siku wanaambiwa wavumilie moshi. Mbabula ingetolewa barazani, chini ya paa lisilo na kuta, sehemu kubwa ya madhara hayo ingepungua bila kununua chochote.

Kuwasha ndiko kunakofanywa vibaya kuliko yote. Mfuko wa plastiki huwaka upesi, ndiyo, lakini moshi wake ni sumu na chakula kiko juu yake. Vigunzi vya mahindi vilivyokauka, nyasi na vijiti vyembamba vinatosha. Washia nje, subiri moshi wa mwanzo uishe, ndipo uteleke chungu. Petroli au mafuta ya taa yasimwagwe kamwe juu ya makala yanayoonekana kuzimika: mvuke wake hushika moto ghafla na kurudi mpaka kwenye kidumu kilicho mkononi.

Kuna mbao zisizofaa kuchomwa hata zikiokotwa bure. Mataruma ya zamani ya reli yalilowekwa kreosoti. Nguzo na mbao za migodini zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa huweza kuwa na aseniki, ambayo haiungui. Sehemu yake hubaki kwenye jivu, na jivu hilo huishia kwenye bustani ya mboga. Vipande vya mikanda ya mitambo na matairi hata visikaribie jiko.

Mbabula zetu nyingi hutengenezwa kwa vyuma vilivyokwisha kutumika, ndoo, mapipa, makopo ya rangi. Mafundi wanaozitengeneza wanastahili heshima, kwani bila wao mji haupiki. Lakini mbabula mpya iwashwe nje mara ya kwanza, bila chakula, hadi rangi na mafuta yaungue. Bati lililopakwa zinki likipata joto kali hutoa moshi mweupe unaoleta homa na maumivu ya kifua, na kopo la rangi ya zamani huweza kuwa na risasi. Muulize fundi chuma kilikuwa nini kabla ya kuwa jiko.

Je, wajua kwamba jivu la chini ndilo linalokula makala yako? Likijaa, mlango wa hewa unaziba, moto unakosa nguvu, mtu anaongeza makala, na monoksidi inaongezeka kwa kuwa hewa ni haba. Ondoa jivu kila mara kabla ya kuwasha. Angalia sahani yenye matundu inayobeba makala. Ikipinda au matundu yakiungana, vipande vinaanguka vingali vizima. Angalia miguu pia. Mbabula inayoyumba na sufuria ya mafuta ya moto juu yake ndiyo inayowachoma watoto.

Mtoto akiungua, maji safi ya kawaida yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, yai na jivu hufungia joto ndani na kuingiza uchafu.

Jivu lenyewe huficha kaa la moto kwa siku nzima na zaidi. Litupwe kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, mbali na uzio wa nyasi, hasa Agosti na Septemba upepo unapovuma na kila kitu kimekauka.

Mbabula yenye udongo ndani hula makala machache kuliko ya chuma kitupu. Kenya ilianza kueneza jiko la namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, chuma nje, udongo uliochomwa ndani, baada ya kutazama majiko ya ndoo ya Thailand. Udongo huzuia joto lisipotelee pembeni. Ukipasuka, usingoje uanguke. Udongo wa kichuguu, uleule wa matanuru ya shaba, ukipondwa na kuchanganywa na mchanga kidogo na jivu, huziba nyufa vizuri. Uache ukauke kivulini, kisha uwashe moto mdogo. Moto mkali siku ya kwanza huupasua tena. Wala usimwage maji kuzima mbabula ya udongo.

Sokoni, gonga vipande viwili vya makala. Vikilia kama chuma, mti ulikuwa mgumu na ukaungua sawasawa. Vikitoa sauti ya ubao, ndani bado ni kuni na vitatoa moshi. Makala yaliyonyeshewa hutumia joto lake kukausha maji kwanza, basi yaanike juani kabla ya kuyatumia.

Je, wajua kwamba gunia jipya la makala huweza kujiwasha lenyewe? Makala yaliyotoka tanuruni karibuni hunywa oksijeni kutoka hewani na kupata joto. Yakirundikwa mengi pamoja joto halina pa kutokea. Gunia lililoshushwa leo kwenye baiskeli lilale nje, mbali na ukuta, kabla halijaingizwa ndani.

Jambo moja linaniuma kila ninapotazama nguzo za umeme. Laini kubwa ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700, ilikamilika mwaka 1982, na inaishia hapa Kolwezi. Bwawa la Nzilo kwenye mto Lualaba liko karibu zaidi. Umeme huo ulijengewa migodi, na jikoni kwa familia nyingi bado ni makala. Tanuru la udongo la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala kwa kila kilo 100 za kuni, kwa hiyo kila gunia ni sehemu kubwa ya msitu wa miombo, pamoja na viwavi na uyoga wanaotegemea miti hiyo. Miti ya miombo huchipua kwenye visiki, ila ikiachwa bila jembe na bila moto wa kila mwaka.

Kwa hiyo anayepunguza makala analinda mapafu, mfuko na msitu kwa pamoja, na njia rahisi kuliko zote haihitaji fundi. Loweka maharage usiku kucha. Siku ya pili yachemshe kwa nguvu nusu saa, kisha funika sufuria, iweke ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au nyasi kavu, ifunge pande zote, uache. Baada ya saa chache yarudishe motoni. Yatahitaji muda mfupi tu. Wali huiva humohumo kikapuni bila kurudi motoni.

Makala yaliyobaki yachukue kwa koleo, yatie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana, uliache nje hadi lipoe kabisa, kwani hata humo gesi inaendelea kutoka kwa muda. Kesho yatawaka haraka kuliko mapya.