Mizunguko elfu kumi haitoshi

Kuna wachezaji wa mashine za sloti, au dubwi kama wanavyoziita watu wengi Tanzania, ambao hawachezi bila daftari. Kila mzunguko wanauandika: dau, alama zilizotokea, pesa iliyorudi. Baada ya miezi wana maelfu ya mistari, na swali lao ni la haki kabisa: je, mashine hii inaendeshwa na nasibu kweli, au ina mpangilio uliofichwa? Nawaheshimu watu hawa, kwa kuwa anayehesabu amekwisha kuvuka imani ya kwamba mashine iliyokula sana lazima iteme muda si mrefu. Hata hivyo, daftari lao linaweza kujibu maswali machache kuliko wanavyodhani, na lile wanalolitaka zaidi, yaani mashine inarudisha kiasi gani, ndilo lililo gumu kuliko yote.

Matumaini yao yametoka kwenye ruleti. Katika karne ya 19 Mwingereza Joseph Jagger, aliyezijua mashine za viwanda vya nguo vya Yorkshire, aliajiri makarani wa kuandika matokeo ya magurudumu ya Monte Carlo, akabaini gurudumu lililopendelea namba fulani, akavuna fedha nyingi. Njia hiyo ilifaa kwa sababu gurudumu la ruleti halina siri: namba zake 37 zinaonekana zote, na kila moja inapaswa kutokea sawa na nyingine. Likizungushwa mara 3,700, kila namba inatarajiwa kutokea mara 100, na bahati peke yake huipandisha au kuishusha kwa 10 hivi. Namba ikitokea mara 140, pana jambo la kuchunguza. Sloti haiko hivyo. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipata hataza Marekani ya mfumo ambamo kompyuta huchagua namba kwanza, kisha magurudumu yanasimamishwa pale namba ilipoamua. Alama mbili zinaweza kuonekana mara moja moja kwenye gurudumu, lakini moja ikawa imepewa namba nyingi na nyingine namba moja tu. Kwa hiyo kuhesabu picha zilizochorwa kwenye gurudumu hakukuambii uwezekano wa kila moja. Kinachobaki ni kuyahesabu matokeo yenyewe, na hapo ndipo gharama inapojitokeza.

Tuchukue mashine iliyopangwa kurudisha asilimia 95 ya madau. Sehemu kubwa ya marejesho hayo imefungwa ndani ya ushindi mkubwa unaotokea kwa nadra, ndiyo maana matokeo ya mzunguko mmoja hutawanyika sana. Tuseme mkengeuko sanifu wake, yaani kipimo cha mtawanyiko huo, ni mara 10 ya dau, kiwango kisicho cha ajabu kwa michezo hii. Mwenye mizunguko 10,000 atapata makadirio yenye pengo la asilimia 20 hivi kila upande: mashine ileile inaweza kuonekana inarudisha 75 au 115. Akitaka pengo lipungue hadi asilimia moja, anahitaji mizunguko karibu milioni 3.84. Kwa sekunde sita kila mmoja, hizo ni saa 6,400, yaani siku 800 za kucheza saa nane. Kwa dau la shilingi 100, hasara inayotarajiwa inapita shilingi milioni 19. Mchezaji atakuwa ameilipa bei yote kabla ya kuijua.

Wapo watakaosema watu wengi waunganishe madaftari yao. Ni hoja nzuri, na kihesabu ni sahihi, ila data za kuchangishwa zina maradhi yake. Aliyeshinda sana hukumbuka kuandika. Aliyeishiwa pesa huondoka kimya. Karl Pearson, mmoja wa waasisi wa takwimu za kisasa, aliyachambua mwaka 1894 matokeo ya ruleti ya Monte Carlo yaliyochapishwa na gazeti la Le Monaco, akakuta mfuatano ambao nasibu isingeweza kuuzaa. Baadaye ilielezwa kwamba waandishi walizitunga namba hizo. Hesabu yake haikuwa na kosa. Lililokosewa lilikuwa chanzo.

Pingamizi zito zaidi ni la Montreal. Mwaka 1994 Daniel Corriveau alibashiri namba 19 kati ya 20 za keno mara tatu mfululizo, akalipwa zaidi ya dola 600,000 za Kanada. Kompyuta ya kasino ilikuwa ikianza kila siku na mbegu ileile, yaani namba ileile ya kuanzia, hivyo mfuatano ulijirudia. Nakiri kwamba hapa mchezaji wa kawaida aliuona udhaifu wa kweli kwa kutazama matokeo. Lakini aliona marudio, na marudio hayahitaji mamilioni ya mizunguko. Siku chache za kumbukumbu safi zinatosha. Kundi lililokamatwa Marekani mwaka 2014 kwa kuzirekodi sloti kwa simu lilikuwa na kitu kingine kabisa: lilikwisha kujua programu ya mashine hizo za zamani inavyozalisha namba, na video ilitumika tu kutambua programu imefika wapi. Daftari la kawaida, basi, litumike kutafuta kasoro za aina hii. Kwa kiwango cha marejesho, halina nguvu.

Watafiti Anthony Lucas na Katherine Spilde walilithibitisha hilo kwenye kumbi halisi. Waliweka mashine zinazofanana kwa sura zenye marejesho tofauti, wakafuatilia kwa miezi, na hawakuona dalili kwamba wachezaji walihamia kwenye ile iliyowanyonya kidogo. Nayo michezo huuzwa hivyo: jina moja, picha zilezile, viwango kadhaa vya marejesho ambavyo mwenye ukumbi huchagua. Hapo hata madaftari elfu moja yaliyounganishwa yanaweza kuchanganya mashine zisizo ndugu. Kiwango chenyewe si fumbo la maumbile, kwani kimeandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji inayoambatana na kila toleo. Kevin Harrigan wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada hakukaa mbele ya mashine kuhesabu mizunguko ili akijue kiwango hicho. Aliomba karatasi hizo kwa serikali ya Ontario chini ya sheria ya uhuru wa habari, akapewa.