Bima ya Mpangaji: Kuta za Mwenye Nyumba, Vyombo vya Nani?

Kila mara wanafunzi wetu wa ualimu wanapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Kasese na Bwera, kitu cha kwanza wanachotafuta ni chumba cha kupanga. Hukagua paa, mlango, choo na umbali wa kwenda shuleni. Ni nadra mtu kuuliza: nyumba hii ikiungua au ikichukuliwa na maji, nani atanilipa godoro, redio, kompyuta na vitabu vyangu? Tumeonelea tulieleze jambo hili, maana hati za bima hapa Uganda aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na wengi huzitia sahihi bila kuzisoma.

Neno bima tumelipata kutoka Kihindi, nacho Kihindi kililichukua Kiajemi, ambako "bim" maana yake ni hofu. Asili hiyo inatufaa. Watu wengi wenye hofu moja huchanga fedha kidogo kidogo, na yule mmoja anayefikwa na janga hulipwa kutokana na mchango huo. Mchango huitwa ada ya bima, na malipo huitwa fidia. Fidia si faida: lengo lake ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, si kumtajirisha.

Wengi wetu tunaijua bima ya gari tu, ile ya mtu wa tatu ambayo sheria inailazimisha. Bima ya nyumba hailazimishwi hivyo kwa mpangaji, na hapo ndipo kosa la kawaida linapoingia. Mpangaji hudhani kwamba mwenye nyumba akikata bima, basi wote wamo. Hawamo. Bima ya mwenye nyumba hulinda kuta, paa, milango na madirisha yake. Godoro lako halimo, kwa kuwa mtu hukatia bima kile ambacho kikipotea yeye ndiye atakayeumia. Kwa sababu hiyo hiyo wewe huwezi kukatia bima jengo la mwenzako kama kwamba ni lako. Unaweza kukatia vyombo vyako, na pia dhima yako: jiko lako likiunguza nyumba, mwenye nyumba atakudai, na bima ya dhima humlipa kwa niaba yako.

(Katika Kiganda chumba kimoja cha kupanga huitwa "muzigo". Wanafunzi wetu hucheka wanapolisikia, lakini kwa bima ya mpangaji neno hilo limelenga vizuri: kinachokatiwa bima ni mzigo uliomo ndani.)

Kwa wenye fleti hali ni nyingine kidogo. Uganda ilipitisha sheria ya majengo yenye wamiliki wengi mwaka 2001, na fleti za Shirika la Nyumba la Taifa kule Bugolobi na Bukoto, Kampala, ziliuzwa kwa utaratibu huo. Kila mtu humiliki sehemu yake, na ngazi, paa na uwanja ni mali ya wote. Katika mpango wa namna hii jengo hukatiwa bima kwa pamoja, na kila mmoja hujikatia vya ndani. Huku kwetu fleti za kununua bado ni chache, kwa hiyo turudi kwa mpangaji.

Swali kubwa Kasese ni maji. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulivunja kingo zake, ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudia, safari hii pamoja na Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha, ule unaopita mpakani karibu na Bwera. Sasa, hati ya msingi ya bima huanza na moto na radi. Mafuriko na tetemeko la ardhi mara nyingi huongezwa kwa maandishi na kwa ada zaidi, na kampuni inaweza kukataa nyumba iliyo bondeni ambako mto umeshapita. Mtu wa Kilembe anayenunua bima ya moto peke yake amejikinga na adui asiyemfahamu, akamwachia mlango yule anayemfahamu. Ukurasa wa kwanza kuusoma, basi, ni ule wa yasiyolipwa. Humo utakuta pia vita na uasi. Kwa wakazi wa Bwera na Mpondwe, waliovamiwa na waasi wa ADF Novemba 1996 na tena Juni 2023 katika shule ya Lhubiriha, mstari huo si wa kuruka.

Jambo la pili ni thamani. Tuseme vyombo vyako vina thamani ya shilingi 4,000,000, nawe ukaandikisha 2,000,000 ili upunguze ada. Ukiibiwa vya 1,000,000, hutapata milioni nzima. Umekatia nusu, utalipwa nusu: 500,000, na humo itatolewa ile sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo hati husema utaibeba mwenyewe. Wizi wenyewe kwa kawaida hulipwa pale tu mwizi alipovunja mlango au dirisha.

Bwera kuna tatizo jingine. Wafanyabiashara wengi wa soko la Mpondwe hulaza magunia ya kahawa au vitenge chumbani. Bima ya vyombo vya nyumbani hailipi bidhaa za biashara. Hizo zina hati yake. Tena ukimficha wakala kwamba chumba ni ghala, kampuni ina haki ya kukataa dai lote.

Je, kila mpangaji akate bima? Hatudhani. Mwanafunzi mwenye godoro na jiko la mkaa afadhali atafute chumba cha mlimani na kuweka akiba. Mwalimu mwenye familia, friji, cherehani na kompyuta ana jambo la kuhesabu. Akiamua kukata, ahakikishe kwanza kwamba kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda, kisha aandike orodha ya vitu vyake na bei zake, abandike risiti, apige picha. Daftari hilo asiliweke kabatini mwake. Ampe ndugu anayekaa mbali na mto.