Hafla za Madrasa na Haki ya Mwenye Kuchangia



Kila mwaka Maulidi au mahafali yanapokaribia, husikika swali hili: fedha hizi za turubai, vipaza sauti na pilau, kwa nini wasilipwe walimu? Swali hili ni la haki, nasi tunapenda kulijibu.

Kuwakusanya watu kwa ajili ya mchango si jambo geni katika Uislamu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Jarir bin Abdillah (R.A.) kwamba walifika Madina watu wengi wao wa kabila la Mudhar, miguu mitupu, ufukara ukionekana wazi. Uso wa Mtume (S.A.W.) ulibadilika kwa huzuni. Baada ya swala akahutubia, akahimiza kila mtu atoe alichonacho, hata kipande cha tende. Ansari mmoja akaja na mfuko mzito uliomlemea mkononi, kisha watu wakamfuata, hata yakapatikana mafungu mawili ya chakula na nguo. Uso wa Mtume ukang'ara kwa furaha.

Hapa tunapata mafunzo mawili. Kwanza, haja ilionekana kwa macho. Pili, mtoaji mmoja aliwafungulia njia wengine. Ndivyo ilivyo katika hafla zetu. Barua ya kuomba mchango huweza kusahauliwa mfukoni, lakini mgeni aliyemsikia mtoto akisoma juzuu kwa moyo ameyaona matunda ya sadaka yake.

Sasa tuchukue mfano wa hesabu. Hafla imekusanya shilingi 900,000, na gharama zake ni 400,000. Zinabaki 500,000. Ikiwa walimu ni wanne na kila mmoja hulipwa 125,000, hizo ni za mwezi mmoja tu. Je, miezi 11 iliyobaki? Lakini katika wageni 200, wakipatikana 25 wa kutoa 20,000 kila mwezi, mishahara imepatikana mwaka mzima. Basi faida kubwa ya hafla si bahasha za siku ile, bali ni udugu unaoanza siku ile.

Udugu huo haudumu ila kwa kutimiza haki za mchangiaji, nazo ni hizi:

1. Shukrani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Apewe stakabadhi, aombewe dua, na atembelewe hata siku ambayo hatuna la kumwomba.

2. Hesabu. Mapato, matumizi na baki visomwe mbele ya wazazi. Aliyechangia bati alione paa.

3. Amana. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratut-Tawba. Haifai kununuliwa pilau wala kukodiwa turubai. Iwekwe mbali na michango mingine.

4. Heshima. Katika maandalizi ya vita vya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, wanafiki waliwakejeli waliotoa kidogo kwa kukosa uwezo, na Qur'ani ikawakemea wanafiki hao. Kwa hiyo mzazi wa shilingi 500 asifedheheshwe kwa kipaza sauti, wala mtoto wake asiulizwe darasani kwa nini baba hakutoa. Suratul-Baqara imesifu sadaka ya dhahiri na ya siri, basi anayependa kutotajwa asitajwe.

Enyi wanafunzi wetu, nanyi mna sehemu yenu. Wapokeeni wageni kwa salamu na uso mkunjufu, hifadhini vyema mtakachosoma, na yatunzeni madawati na misahafu. Misahafu iliyochanika ovyo humvunja moyo aliyeinunua. Na mnapomaliza darasa, msiwasahau katika dua wale waliowawezesha kukaa hapo.

Tunamwomba Allah azikubali sadaka za wote, za wazi na za siri, na azibariki mali zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.