Usiisugue Ngoma ya Babu Kabla ya Kuijaribu

Huenda nyumbani kwako Mikindani, Msimbati au Kitaya kuna ngoma ya zamani imelala darini. Mzee aliyeipiga amekwisha fariki. Sasa ina vumbi na ukungu wa masika. Arusi imekaribia, nawe wataka ing'ae. Vijana wamekwisha leta msasa na vanishi. Tafadhali, wazuie kwanza!

Kwa nini? Ngoma ya Kimakonde ni gogo lililochimbwa, likawambwa ngozi mdomoni kwa vigingi vya mti. Weusi ule ubavuni si uchafu wote. Ni jasho la mikono, tena ni moshi wa moto uliokaza ngozi kabla ya sindimba kuchezwa. Msasa haujui kutenga uchafu na kumbukumbu. Alama za kisu cha fundi zikiisha kulika, hazirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi, fuata njia ya watunzaji wa makumbusho: anza na kilicho chepesi, jaribu padogo, kisha ngoja uone.

Kwanza, brashi laini na kavu. Fagia vumbi polepole, ukiiweka ngoma kivulini. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Pili, mate. Usicheke! Watunzaji huyatumia hata leo, kwa maana yana vimeng'enya vilegezavyo uchafu. Zungushia pamba kwenye kijiti, ilowe kidogo, kisha ujaribu upande wa chini usioonekana, mahali pa ukubwa wa ukucha. Pamba iliyogusa ngoma usiirudishe mdomoni, chukua nyingine. Itazame: ikitoka kijivu, yaelekea ni vumbi. Ikitoka nyekundu au nyeusi sana, huenda waiondoa rangi ya fundi. Acha mara moja! Kama hakuna dosari, ngoja mpaka kesho, ndipo uendelee.

Tatu, maji kidogo, kwa pamba iliyokamuliwa vizuri, na kwa mti tu. Ngozi isilowe. Ikilowa hulegea, ikikauka hujivuta, ikapasuka au kung'oa vigingi.

Mafuta ya taa, magadi na sabuni ya kufulia, viache kabisa. Mafuta ya nazi hunasa vumbi. Na mafuta ya maganda ya korosho, ijapokuwa huzuia mchwa, huunguza mikono na kuutia mti weusi usiotoka.

Je, waona matundu yenye unga mpya? Hao ni bungua. Itenge ngoma hiyo, isiambukize nyingine. Usiianike juani, maana mti hupasuka.

Mwisho, waulize wazee kabla hujagusa kitu. Pengine masizi yale yana maana yake, au ngoma yenyewe ni ya jando, wala haiguswi na kila mtu. Arusi itapita kwa siku moja. Ngoma ya babu yawangoja wajukuu.